Kataa Neno, Usikatae Wito: Imani na Maana ya Maisha katika Maandishi ya Mlima Kenya

UTANGULIZI

Katika mji wa Kerugoya, kusini mwa Mlima Kenya, kanisa kuu la Kianglikana la Dayosisi ya Kirinyaga limepewa jina la Mtakatifu Tomaso. Jina hilo lastahili kufikiriwa. Kati ya mitume wote, Tomaso ndiye akumbukwaye zaidi kwa shaka yake. Wenzake walimwambia kwamba wamemwona Bwana naye hakuridhika na habari ya kuambiwa. Alitaka kuyagusa majeraha kwa mkono wake mwenyewe. Basi Wakristo wa Kerugoya huabudu chini ya jina la mtu aliyekataa kuiazima imani ya wengine.

Makala haya yanahusu shaka ya namna hiyo na jinsi inavyojitokeza katika maandishi. Kwa muda mrefu wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelijadili swali la maana ya maisha kwa kupitia riwaya za Euphrase Kezilahabi, nao wamezihusisha riwaya hizo na udhanaishi wa Ulaya, hasa ule wa Sartre na Camus. Mazoea hayo yamezaa dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba swali lenyewe ni la kigeni, lililoletwa na wasomi waliorudi kutoka vyuo vya ng'ambo. Ya pili ni kwamba mtu akiliuliza kwa dhati hana pa kufikia isipokuwa kukata tamaa. Na kwamba anayebaki na imani amebaki nayo kwa sababu hakuthubutu kuuliza.

Dhana zote mbili zina kasoro. Sartre mwenyewe, katika mhadhara wake wa mwaka 1945 uliochapishwa mwaka uliofuata, aliwagawa wadhanaishi katika makundi mawili, na kundi moja aliliita la Wakristo, akiwataja Jaspers na Gabriel Marcel. Kabla yao wote alikuwapo Søren Kierkegaard wa Denmark (1813–1855), ambaye kwake kuuliza na kuamini ni tendo la mtu yule yule. Ama kuhusu ugeni, itaonyeshwa hapa kwamba katika nchi ya Mlima Kenya swali hili liliulizwa kwa lugha za wenyeji, na wengine waliliuliza hali shingo zao zimo hatarini.

MANENO YA IMANI

Inafaa kuanza na maneno, kwa kuwa mara nyingi lugha hufikiri kabla ya wanafalsafa wake. Kiswahili kina vitenzi viwili vikuu vya jambo hili, navyo vyote vina asili ya Kiarabu. Kusadiki kunatokana na mzizi wenye maana ya ukweli. Ndio mzizi uliotupa pia sadaka. Anayesadiki hukubali kwamba habari fulani ni kweli. Kuamini kunatokana na mzizi mwingine, uliozaa pia amani na amana. Anayeamini humkabidhi mtu kitu, au hujikabidhi mwenyewe. Ndiyo maana Waswahili humwita mtu katili mtu asiye na imani, nao hawakusudii kwamba hakuhudhuria mafundisho ya dini. Wakusudia kwamba moyo wake hauna mahali pa kumweka mwenziwe.

Tofauti hii imeingia hata katika ibada. Wakatoliki wa Kiswahili wameizoea kanuni ya imani inayoanza kwa kusadiki, ilhali Waprotestanti wengi huikiri yao kwa kuamini. Haifai kujenga teolojia nzima juu ya uteuzi wa watafsiri, lakini hapana budi kutambua kwamba tofauti aliyoihangaikia Kierkegaard, baina ya kuikubali kauli na kuyatoa maisha, imo katika Kiswahili cha kila siku.

Kikuyu, lugha ambayo Kirinyaga huisema kwa lahaja za Kindia na Kigichugu, kinakwenda mbali zaidi. Humo imani huitwa wĩtĩkio, nalo ni jina litokanalo na kitenzi chenye maana ya kuitika mtu anapoitwa, na pia kukubali. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa, kwani kitenzi hicho ni ndugu wa kitenzi chetu kuitika. Asikichanganye na itikadi, neno la Kiarabu lenye asili ya kufunga fundo. Sauti zinafanana lakini nasaba ni mbalimbali. Itikadi ni jambo ambalo mtu amelifunga akilini. Wĩtĩkio ni jibu la mtu aliyesikia jina lake likitajwa.

Kwa maana hiyo, kuuliza kama fulani ana imani ni kuuliza kama ameitika. Kabla ya hapo sharti kuulizwe: ni nani aliyemwita? Maswali haya mawili yanatosha kuwa kipimo cha kusomea maandishi yafuatayo.

KAZIMOTO: MTU ASIYEITWA

Kichwamaji (1974) ni riwaya ya kijana wa Chuo Kikuu aitwaye Kazimoto. Amesoma kiasi cha kuyaona mapengo katika majibu ya wazee wake, lakini elimu yake haikumpa majibu mengine. Humo wahusika hujadili kuwapo kwa Mungu kama wanafunzi wanavyojadili hoja darasani: kuna ushahidi gani, na nani amethibitisha? Hili ni swali la kusadiki. Kazimoto anapoona kwamba ushahidi hautoshi, hulifunga faili. Mwishoni, baada ya mtoto wake kuzaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida na kufa, anajiua.

Wahakiki wengi wamekisoma kifo hicho kama tamko la mwandishi kwamba maisha hayana maana. Usomaji huo unaharakisha mno. Kazimoto hakuwahi kuitwa na mtu yeyote akaitika. Uhusiano wake na Manase, mkuu wa wilaya, ni wa kisasi. Na kwa Sabina, dada yake Manase, alianza kwa hila kabla ya kumwoa. Watu kwake ni mambo ya kuchunguzwa. Gabriel Marcel alitofautisha fumbo na tatizo: tatizo liko mbele yangu nami naweza kulizunguka nikilitazama, lakini katika fumbo mimi mwenyewe nimo ndani. Kazimoto ameyageuza mafumbo yote kuwa matatizo, na yalipokosa ufumbuzi aliuona ulimwengu mzima kuwa umefilisika.

Inafaa kukumbuka jinsi Marcel alivyoifikia tofauti hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika shirika la Msalaba Mwekundu, akitafuta habari za askari waliopotea. Kila kadi aliyoishika ilikuwa na jina, na nyuma ya jina palikuwa na mama au mke aliyekuja kuuliza. Kadi ilikuwa tatizo. Yule mama hakuwa tatizo.

Ikisomwa hivi, Kichwamaji haithibitishi kwamba hakuna anayeita. Inaonyesha, kwa uaminifu mkubwa, maisha ya mtu aliyeelimishwa kuuliza bila kufundishwa kuitika. Kezilahabi mwenyewe alisoma katika seminari ya Kikatoliki kabla ya Chuo Kikuu, na baadaye aliliendeleza swali hili katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambazo hazikuridhika na mwisho wa Kazimoto. Mtu aliyemaliza kuuliza haandiki riwaya mbili nyingine za utafutaji.

MUGO: MTU ALIYEITIKA KWA KUCHELEWA

Mfano wa pili unatoka upande wa Kiambu, kwa mwandishi ambaye maswali yake yalikuwa ya nchi yote ya Wakikuyu. A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilitoka mwaka 1967. Mugo ni yatima anayetamani jambo moja tu, kuachwa peke yake. Kihika, mpiganaji wa msituni mwenye Biblia iliyotiwa alama nyingi, anamjia usiku na kumtaka aingie katika mapambano. Mugo hakuutaka wito huo, naye anamsaliti Kihika kwa mzungu mtawala, ambaye humlipa kwa kumtemea mate usoni. Baada ya hali ya hatari kijiji kinamdhania kuwa shujaa, nacho kinamwita ahutubu siku ya Uhuru, Desemba 1963.

Ngũgĩ ameijenga riwaya hii juu ya kuitwa. Mapema Mugo hujiona kama Musa, akaisikia sauti ikimtaja naye akaitika. Lakini huko kulikuwa kuitika kwa ndoto. Hakukumgharimu kitu, kulimtukuza tu. Wito wa kweli ulimfikia kwa sura mbaya, kwa mdomo wa mtu mwenye damu mikononi, usiku, nao aliukimbia. Hatimaye anasimama mbele ya umati uliokuja kumsifu na kusema kwamba yeye ndiye msaliti. Hakuna aliyemshika wala kumlazimisha. Angaliweza kunyamaza na mtu mwingine angeadhibiwa kwa kosa lake.

Hapa ndipo kauli kuu ya Kierkegaard juu ya umati inapoonekana katika mwili. Kwa Kierkegaard umati si mbaya kwa sababu una watu wabaya. Ni mbaya kwa sababu humwezesha kila mtu asiwe yeye. Mugo alikuwa amepewa na umati nafsi nzuri kuliko yake, akaikataa. Umbo la tendo lake linafahamika kwa yeyote aijuaye historia ya dini katika nchi hiyo: ni ushuhuda wa hadharani wa watu wa Uamsho, vuguvugu lililoanzia Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937. Katika miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, wengi wa watu hao walikataa kiapo cha msituni, na baadhi yao wakakataa pia bunduki ya serikali. Waliuawa kwa sababu hawakuitika walipotakiwa, wakidai kwamba wamekwisha kuitika kwingine.

Ngũgĩ hakuiandika riwaya hii kuutetea Ukristo. Mwaka 1970, mbele ya mkutano wa Kanisa la Presbiteri, alitamka waziwazi kwamba yeye si Mkristo. Hilo haliidhoofishi hoja, bali laitia nguvu. Umbo la kuitwa, kukimbia na kuitika kwa kuchelewa lilikuwa limekwisha kuwa mali ya jamii kiasi kwamba hata mpinzani wa Kanisa hakupata umbo jingine la kumpa Mugo utu wake.

BARUA YA KAMITI

Kuna andiko fupi ambalo wahakiki wa fasihi hawajalipa nafasi inayostahili. Tarehe 17 Februari 1957, siku moja kabla ya kunyongwa, Dedan Kimathi wa Nyeri alimwandikia barua Padri Marino wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri. Mambo yake ni machache: elimu ya mwanawe, matunzo ya mama yake, mkewe aliyekuwa gerezani, na maandalizi yake mwenyewe kwa ajili ya kesho.

Barua hiyo imetumiwa katika ugomvi wa kisiasa: je, kiongozi wa msituni alikufa Mkristo au la? Swali hilo ni la kusadiki, nalo lataka kumwandikisha marehemu katika daftari la upande mmoja. Mhakiki ana kazi nyingine. La kushangaza katika andiko hilo ni utulivu wa mambo yanayotajwa. Mtu aliyebakiwa na usiku mmoja hazungumzii maana ya maisha kwa jumla. Anazungumzia karo na mama mzee. Heidegger alifundisha kwamba kifo humtenga mtu na wengine wote, kwa sababu hakuna awezaye kufa badala yake. Barua hii inaonyesha kinyume chake, kwamba mtu akikaribia kifo anaweza kuwasikia kwa uwazi zaidi wale wanaomwita: mtoto, mama, mke, na Mungu, wote katika karatasi moja.

DANIELI KATIKA NYERI

David Gitari alizaliwa mwaka 1937 huko Ngiriambu, Kirinyaga, akawa askofu mwaka 1975, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kirinyaga ilipoundwa mwaka 1990, na Askofu Mkuu wa Kenya kuanzia 1997 hadi 2002. Alifariki mwaka 2013. Hakujiita mdhanaishi, wala hakuna sababu ya kumbandika jina hilo. Hata hivyo mahubiri yake, yaliyokusanywa katika Let the Bishop Speak (1988) na In Season and Out of Season (1996), ni fasihi ya hali ya juu, na mbinu yake kuu yahusiana moja kwa moja na mada hii.

Juni 1987 alihubiri Nyeri juu ya Danieli katika tundu la simba. Mwaka uliotangulia Bunge lilikuwa limebadilisha katiba na kuondoa usalama wa kazi wa Mwanasheria Mkuu na wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na chama tawala kilikuwa kimekwisha kuamua kwamba wapiga kura wapange foleni nyuma ya wagombea. Mhubiri hakuhitaji kuyataja yote haya. Aliisimulia habari ya mfalme aliyebembelezwa na wakubwa wake atie sahihi sheria isiyojadiliwa, kisha asiweze kuitangua hata alipomhurumia mtumishi wake. Wanasiasa walimjibu kwa ukali magazetini, na kwa kufanya hivyo walikiri kwamba wamejitambua katika hadithi ya Babeli.

Mbinu hii yafaa kuchunguzwa. Mhubiri wa kawaida hutoa fundisho kutoka katika hadithi, kisha hadithi huachwa kama ganda. Gitari huiacha hadithi ibaki nzima na kumweka msikilizaji ndani yake, mpaka ajiulize yeye ni nani humo: mfalme, mmoja wa wakubwa, au Danieli mwenye madirisha wazi. Kierkegaard aliiita njia hii mawasiliano yasiyo ya moja kwa moja, akaamini kwamba ndiyo pekee ifaayo kwa ukweli unaomhusu mtu binafsi. Foleni ya kura ilimtaka kila raia asimame pale wengine wanapomwona. Hadithi ilimtaka asimame pale anapojiona mwenyewe. Gharama haikuwa ya nadharia. Mwezi Aprili 1989 genge la watu liliivamia nyumba ya askofu usiku, naye akaokoka kwa kupanda juu ya paa huku majirani wakiitikia mayowe.

PINGAMIZI

Pingamizi la kwanza laweza kutoka kwa wafuasi wa John Mbiti, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 alisisitiza kwamba katika Afrika mtu hupata kuwa kwake katika jamii. Je, kumsifu mtu mmoja anayesimama kinyume cha umati si kuleta ubinafsi wa Ulaya? Jibu ni kwamba umati na jamii si kitu kimoja. Waliokuja kumsifu Mugo walikuwa umati. Mumbi, aliyeisikia siri yake kabla ya wote, alikuwa jamii. Wavamizi wa 1989 walikuwa umati. Majirani walioitikia mayowe walikuwa jamii. Kuitika hakuwezi kuwa ubinafsi, maana hakuna aitikaye bila kuwapo aitaye.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuitika kwaweza kuwa utumwa. Chifu wa kikoloni aliita watu wakaitika. Mla kiapo aliitikia maneno aliyotamkiwa. Waumini huitikia kasisi bila kufikiri. Na katika wimbo, kiitikio ndiyo sehemu ya wote, isiyomhitaji mtu yeyote hasa. Ikiwa imani ni itikio, kipi kitaitenganisha na utiifu wa kipofu? Hata Kierkegaard, alipoandika mwaka 1843 juu ya Ibrahimu kumpandisha mwanawe mlimani, hakulimaliza swali hili.

Waswahili wana methali inayoligusa: kataa neno, usikatae wito. Aitwaye na aende, lakini akifika ana haki ya kuyapima aliyoitiwa na kuyakataa. Methali hii hutumiwa kwa mambo ya ukoo na baraza, lakini ndani yake imo falsafa kamili ya imani. Utumwa ni kulikubali neno kabla ya kulisikia. Ukafiri wa Kazimoto ni kuukataa wito kwa sababu hakulipenda neno. Kati ya hayo mawili ipo njia ya Ayubu aliyeteta na Mungu bila kumwacha, ya Ibrahimu yule yule alipoitetea Sodoma, na ya Tomaso, ambaye alilikataa neno la wenzake lakini baada ya siku nane alikuwamo chumbani pamoja nao. Kama angaliukataa wito, asingalikuwapo pale majeraha yalipoonyeshwa.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba swali la maana ya maisha halikuletwa Afrika Mashariki katika masanduku ya wasomi. Limo katika vitenzi vyetu, katika ushuhuda wa watu wa Uamsho, katika barua ya mtu wa kunyongwa na katika mimbari za Kirinyaga na Nyeri. Imeonyeshwa pia kwamba udhanaishi wa kukata tamaa ni tawi moja tu, na kwamba hata riwaya inayodhaniwa kuwa kilele chake kwa Kiswahili yaweza kusomwa kama maelezo ya ukosefu wa itikio.

Yapo mawili ya kutendwa na idara za Kiswahili. Kwanza, mahubiri, shuhuda na barua ziingizwe katika uwanja wa uhakiki. Mahubiri ya Gitari yamechapishwa kwa Kiingereza, na tafsiri yake kwa Kiswahili ingekuwa kazi ya manufaa. Pili, Kichwamaji ifundishwe sambamba na maandishi ya namna hii. Mwanafunzi akipewa Kazimoto peke yake hudhani kwamba lazima achague baina ya kukariri katekisimu na kukata tamaa, na wapo wasomaji vijana ambao kwao uchaguzi huo si zoezi la darasani. Ni haki yao kujua kwamba waliopita njia hii kabla yao waliuliza kwa ukali usiopungua wa Kazimoto, na kwamba wengine wao, baada ya kuuliza, walisikia wakiitwa, nao wakaitika.